Mfalme Aliyesimama Mlangoni

Ukiingia Pango la 98 kule Mogao, karibu na mji wa Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, macho yanakwenda moja kwa moja mbele, kwa Budha. Pango lilichongwa hivyo makusudi. Mfalme humwoni. Yuko nyuma yako, kando ya mlango, na utakutana naye ukigeuka kutoka. Hapo ndipo anakushtua, maana ana kimo cha karibu mita 3. Taji lake lina ubao bapa juu na shanga zinazoning'inia, na limejaa mawe ya kijani. Joho lake limechorwa jua na mwezi. Chini, katikati ya viatu vyake, mungu wa kike wa ardhi amechomoza nusu mwili na kuitegemeza miguu ya mfalme.

Huyu ni mfalme wa Khotan. Kwao aliitwa Visa Sambhava. Kwa Kichina alijiita Li Shengtian, na hilo Li halikuchaguliwa hivi hivi: lilikuwa jina la ukoo wa makaisari wa Tang. Alitawala kuanzia 912 hadi 966. Nchi yake ilikuwa kusini mwa jangwa la Taklamakan, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pango hili, na watu wake walisema lugha yao wenyewe, jamaa ya Kiajemi. Pango si lake. Ni la akina Cao, watawala wa Dunhuang. Sasa hebu niambie, mfalme mzima anafanya nini mlangoni mwa watu?

Wanaoandika habari za Mogao hupenda kuziita kuta hizi albamu ya historia. Tazama, wanasema, hapa wafalme wamehifadhiwa jinsi walivyokuwa. Mimi Dunhuang sijafika, na nauli sina. Lakini tangu 2016 Taasisi ya Dunhuang imeweka mapango 30 mtandaoni, bure, na mengine nimeyatazama kwenye vitabu vya picha, na baada ya miezi kadhaa ya kukodoa macho nimefika mahali tofauti na wao. Picha za wafalme humu nazisoma kama maombi. Kila mtawala aliyechorwa hapa alikuwa na kitu alichokitaka na hakuwa nacho, na ukishakijua hicho kitu ndipo picha inaanza kuongea.

Kwanza tuelewe ukuta wenyewe. Kwa mapokeo, mtawa aliyeitwa Yuezun ndiye aliyechonga pango la kwanza mwaka 366, na kazi ikaendelea kwa miaka karibu 1,000. Leo yanahesabiwa mapango 735, na 492 kati yake yana michoro na sanamu, jumla ya mita za mraba 45,000 hivi za ukuta uliopakwa rangi. Mwamba wa pale ni wa kokoto, hauchongeki sura nzuri, kwa hiyo mafundi waliupaka udongo uliochanganywa na majani makavu, wakausawazisha, wakapaka tabaka jeupe, halafu wakachora likiwa kavu. Aliyegharamia kazi hiyo alipata thawabu, yeye na wazazi wake na viumbe wote. Basi mfadhili naye akapewa nafasi yake chini ya ukuta: amesimama au amepiga magoti, mkononi ua au chetezo cha ubani, na kando yake kibao kidogo cha rangi kilichoandikwa jina, cheo, na maneno kwamba anatoa kwa moyo mmoja.

Katika Pango la 285, lenye tarehe za 538 na 539, wafadhili hao ni wadogo, wamepanga foleni chini ya mabudha kama watoto wa shule kwenye gwaride. Karne nne baadaye, katika Pango la 98, anayetoa amekuwa mrefu kuliko anayekuja kusali. Ni rahisi kusema imani ilioza na majivuno yakaingia. Wengine wamesema hivyo. Lakini ukifuata historia ya mji ule unaona jambo jingine: kadiri mtawala alivyokuwa na wasiwasi na kiti chake, ndivyo alivyochorwa mkubwa.

Chukua hadithi moja iliyochorwa mara nyingi Mogao. Mzee Vimalakirti, mtu wa kawaida mwenye hekima kuliko watawa, yuko kitandani anaumwa, na Manjushri amekuja kumjulia hali. Wanabishana, na ulimwengu mzima umekuja kusikiliza. Katika Pango la 220, la mwaka 642, kaisari wa China yuko upande wa Manjushri, mikono ameitandaza, maofisa wamemzunguka, na hatua zake ni za mwenye nyumba. Upande wa pili, chini ya mgonjwa, wako wafalme wa nchi za kigeni, kila mmoja na kofia yake. Mwaka 642 Tang ilikuwa na nguvu na picha inajua hivyo.

Mwishoni mwa karne ya 8 Watibeti wakaiteka Dunhuang. Katika Pango la 159, lililochorwa wakati wao, hadithi ni ile ile, na iko kwenye ukuta ule ule wa mlangoni. Kaisari wa China hakufutwa. Lakini upande wa wafalme wa kigeni, mbele ya wote, sasa anatembea mfalme wa Tibeti, mikono ya joho lake mirefu, mwavuli juu ya kichwa chake. Mchoraji hakuigusa hadithi. Aligusa foleni tu.

Mimi hapo ndipo naona maombi. Watibeti walikuwa na silaha na mji walikuwa nao tayari. Walichokosa ni kuonekana kama wenyeji wa imani ile, wasikilizaji wa Budha kama wengine, wala si watu waliokuja na mikuki. Ukuta uliwapa hicho. Kiti cha mbele kwenye darasa la Vimalakirti kina uzito ambao kambi ya jeshi haina.

Haikudumu. Mwaka 848 mtu wa Dunhuang, Zhang Yichao, aliwafukuza, na mwaka 851 kaisari wa Tang akamtambua kama gavana wa kijeshi. Pango la 156 lilichongwa miaka ya 860 na Zhang Huaishen, mtoto wa kaka yake. Chini ya ukuta wa kusini umepita msafara wa Zhang Yichao, zaidi ya watu mia moja wakielekea kwa Budha. Wapiga ngoma na tarumbeta wako juu ya farasi. Wanafuata wachezaji, kisha bendera, kisha Zhang mwenyewe, joho jekundu, farasi mweupe, yuko karibu kuvuka daraja. Ukuta wa kaskazini ni wa mkewe, Bibi Song, na kusema kweli huo ndio naupenda zaidi. Mwanasarakasi ameusimamisha mti kichwani na watoto wananing'inia juu yake, wanamuziki wanapiga, na nyuma yanakuja magari na mizigo. Mumewe anakwenda kama jeshi. Yeye anakwenda kama sherehe.

Maandishi ya msafara wa mume yanasema wazi kwamba hili ni jeshi lililowafagia Watibeti na kurudisha eneo la Hexi. Sasa watazame wachezaji. Kundi moja linacheza kwa mikono mirefu ya nguo inayopepea, na mtindo wake ni wa Kitibeti. Yaani katika picha ya kusherehekea kuondoka kwa Watibeti, watu wanacheza Kitibeti! Miaka zaidi ya 60 ya kutawaliwa haifagiliwi na farasi. Ilikuwa imeshaingia miguuni mwa vijana, kwenye nguo, kwenye ngoma. Huaishen hakulipia kutuambia hayo. Mchoraji alichora alichokiona barabarani.

Huaishen alilipia nini basi? Mwaka 867 baba yake mdogo alikwenda Chang'an, mji mkuu, na hakurudi. Alifariki huko mwaka 872. Kijana akabaki anatawala, akituma wajumbe kuomba cheo kile kile. Serikali ya Tang ikamzungusha miaka na miaka. Alikipata mwaka 888, na mwaka 890 aliuawa. Muda wote huo ukuta wa pango lake ulikuwa unasema kwa rangi kile ambacho barua za kaisari zilikataa kusema: sisi ndio tuliorudisha nchi hii, na mimi ni wa nyumba hii.

Tukirudi kwa mfalme wa Khotan, sasa anasomeka. Cao Yijin alishika Dunhuang mwaka 914. Alikuwa na jeshi dogo na majirani wakubwa, na silaha yake ilikuwa ndoa. Alimwoa binti wa mfalme wa Wauyghur wa Ganzhou, upande wa mashariki. Binti yake mmoja akamwoza kwa mtawala wa Wauyghur hao hao, mwingine kwa mfalme wa Khotan, upande wa magharibi. Pango la 98 ni lake, na kuta zake za chini zimejaa maofisa wake, safu kwa safu, vyeo vimeandikwa. Mfalme wa Khotan aliongezwa baadaye, Cao Yijin akiwa ameshafariki, na walioongeza ni wanawe.

Yaani walimchora shemeji yao. Wakamvika mavazi ya kaisari wa China, na kibao chake kinamwita Mwana wa Mbingu. Wao wenyewe kwenye karatasi za serikali walikuwa magavana tu, lakini ukiwa na dada aliyeolewa na Mwana wa Mbingu, wewe ni nani? Ukubwa ule wa mita 3 ni wa shemeji, ila faida ni ya nyumba. Naye Li Shengtian alikuwa na haja yake. Mwaka 938 wajumbe wake walifika kwenye dola ya Jin, mojawapo ya zile zilizofuatana baada ya Tang kuanguka, na akatambuliwa rasmi kama mfalme wa Khotan. Joho la kaisari lilikuwa namna ya kusema: msinisahau huku, mimi ni mmoja wenu.

Je, alifanana hivyo? Hatujui, na nadhani hakuna aliyejali. Nenda Pango la 61, lililogharamiwa katikati ya karne ya 10 na Cao Yuanzhong na mkewe, Bibi Zhai. Wanawake wa ukoo wamepangwa ukutani, taji kubwa za dhahabu, mikufu, mapambo ya rangi yamebandikwa mashavuni. Utajiri wa nguo unashangaza. Lakini tazama nyuso. Shavu lile lile la mviringo, mdomo ule ule mdogo, macho yale yale. Mama na binti na mke wa mwana, wote sura moja. Kinachowatenganisha ni kofia na kibao. Mmoja wao ni binti wa tatu wa mfalme wa Khotan, aliyeolewa na Cao Yanlu na kuongezwa ukutani baadaye. Tunamjua kwa sababu kibao chake kinasema hivyo. Ondoa maandishi, malkia anabaki sare.

Pango la 409 linathibitisha hilo kwa upande wa hasara. Yuko mfalme pale, joho lenye madragoni kwenye miduara, watumishi nyuma yake na mwavuli na mapepeo. Kwa muda mrefu aliitwa mfalme wa Xixia. Sasa wasomi wengi wanamwita Mwuyghur. Picha ni nzuri na rangi ipo. Uso upo! Ila maandishi yaliyobaki hayakutosha kumaliza ubishi. Wanaosema picha moja inatosha maneno elfu wangekaa mbele ya yule bwana wamwulize jina lake.

Kwa hiyo ninapoambiwa historia "imehifadhiwa" kwenye kuta hizi, nauliza: imehifadhiwa kwa nini, kwa sura au kwa kibao? Na nani alipewa kibao?

Hapa nina jambo langu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na kwa muda mrefu kazi iliyonilisha ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Waliweka majina yao, wakapata alama, mimi nikapata kodi ya nyumba. Kwa hiyo nikitazama mita tatu za mfalme, jicho langu linahama haraka kutoka kwa aliyevaa taji kwenda kwa aliyelichora. Mkono ule ulijua kazi. Mstari wa joho umeshuka bila kusita, na mawe ya kijani kila moja lina duara lake. Hana kibao. Wengi wa wachoraji wa Mogao hawana.

Wanaonekana kwingine. Mwaka 1900 Wang Yuanlu, mlinzi wa mapango, aligundua chumba kilichozibwa, ambacho sasa ni Pango la 17, kimejaa maelfu ya karatasi. Aurel Stein akaja 1907, Paul Pelliot akaja 1908, na nyingi zikasafiri kwenda London na Paris. Katika karatasi hizo kuna hesabu za mahekalu: unga kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, chakula cha wachoraji. Na kuna mkataba mmoja wa karne ya 10, sasa uko Paris. Fundi mkuu wa sanamu, Zhao Sengzi, nyumba yake imeingiliwa na maji na hana kitu mkononi. Anamweka rehani mtoto wake wa kumzaa, Gouzi, kwa ngano vipimo 20 na mawele vipimo 20. Mkataba unasema mtoto hatalipwa mshahara na nafaka haitatozwa riba. Mtoto akiugua na kufa, kaka yake ndiye atakayedaiwa.

Sisemi Zhao alifanya kazi Pango la 98. Nasema mji ulikuwa huo na karne ilikuwa hiyo. Katika mji ambao watawala walijichora mita 3 ili waonekane makaisari, fundi mkuu, si kibarua, aliweka mtoto rehani kwa nafaka. Jina lake limetufikia kupitia deni. Kwa hiyo mtu akisifu mapango haya kama historia ya Njia ya Hariri bila kuisoma karatasi ile kando yake, amesoma kibao cha mfadhili na kuamini kila neno.

Hata hivyo siwezi kuzichukia kuta hizi, na sababu ni kwamba zimewazidi ujanja waliozilipia. Ukuta wa magharibi wa Pango la 61 una picha ya Mlima Wutai yenye upana wa mita 13 na zaidi: mahekalu, barabara, nyumba za wageni, mahujaji na wanyama wa mizigo. Mwaka 1937 Liang Sicheng na Lin Huiyin, wasanifu waliokuwa wamevutwa na picha za ukuta huo, walikwenda Wutai na kulikuta Hekalu la Foguang limesimama bado, jengo la mbao la mwaka 857. Bibi Zhai alilipia thawabu. Sisi tumepata ramani, na wachezaji wenye mikono ya Kitibeti, na binti wa tatu wa Khotan.

Na ukuta wenyewe si wa milele. Mwaka 1921 wanajeshi wa Kirusi waliokimbia vita vya nchi yao waliwekwa mapangoni, wakapika humo, na masizi yao bado yako kwenye baadhi ya michoro. Rangi za risasi zimegeuka nyeusi, zikabadili nyuso ambazo zilipakwa nyeupe na waridi. Katika Pango la 130 kulikuwa na mama mmoja wa karne ya 8, mke wa mtawala wa eneo, amechorwa na mabinti na watumishi wake. Leo picha hiyo imefifia sana. Anayefahamika ni yule wa nakala ya Duan Wenjie, aliyoichora mwaka 1955 kwa kufuata mabaki na kwa kulinganisha na michoro mingine ya wakati ule. Nakala imemrithi mwenyewe. Hapo angalau mchoraji ana jina.

Khotan yenyewe iliangushwa na Wakarakhanidi, Waislamu wa upande wa Kashgar, mwaka 1006. Watu wakabadili dini, na lugha ikafa. Dunhuang ikachukuliwa na Xixia miaka ya 1030. Msaada ulioombwa mlangoni mwa Pango la 98 haukuja, au ulikuja kidogo na ukaisha. Kilichobaki cha mfalme yule ni umbo ambalo pengine halikufanana naye, kwenye ukuta usio wake, na maneno machache ya Kichina yanayomtaja. Bila hayo maneno angekuwa kama yule wa 409, bwana mwenye joho zuri.

Tovuti iko wazi, na bando la kawaida linatosha. Ukifungua pango lolote, picha itakupeleka kwa Budha wa katikati na dari yenye maua. Mwone, anastahili. Halafu sogeza chini kabisa, karibu na sakafu, na ugeuke mlangoni. Tafuta vile vibao vidogo vya rangi. Vingine bado vina maandishi. Vingine ni mstatili mtupu, na mtu amesimama kando yake akisubiri kutajwa.